Kupanga likizo tulivu ya ufukweni Naxos, Ugiriki: mwongozo kamili

Wengi wanaokwenda kisiwani kupumzika huanza na picha za hoteli, na hapo ndipo mipango inapoanza kwenda mrama. Katika visiwa vya Ugiriki utulivu hauletwi na bwawa la kuogelea wala wingi wa nyota mlangoni. Unaletwa na mwezi utakaosafiri, upepo, ratiba ya meli, na hatua ngapi zipo kati ya kitanda chako na maji. Hayo manne yakikaa sawa, hata chumba cha kawaida kitakupumzisha. Yakikosewa, hoteli ya nyota tano haitakusaidia kitu.

Tunatumia Naxos kwa sababu ni kisiwa kinachosamehe makosa. Ndicho kikubwa kuliko vyote katika kundi la visiwa vya Cyclades, kilometa za mraba zipatazo 430. Kina mlima wake, Zas, wenye mita zipatazo 1,000, kina mashamba ya viazi, mifugo na jibini. Wenyeji hawaishi kwa wageni peke yao, kwa hiyo maisha ya kawaida yanaendelea. Upande wa magharibi fukwe za mchanga zinafuatana moja baada ya nyingine kuelekea kusini, na kadiri unavyokwenda ndivyo watu wanavyopungua.

Kwanza, mwezi

Chagua kati ya vipindi viwili: wiki tatu za kwanza za Juni, au Septemba kuanzia tarehe 5 hivi hadi mwisho wa mwezi. Kama tarehe ziko mikononi mwako, chukua Septemba. Bahari huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza: mwezi Mei maji huwa karibu nyuzi 19, Juni 22, Julai na Agosti 24 hadi 25, na Septemba bado yako karibu 24. Juni ina faida ya siku ndefu, jua likizama karibu saa tatu kasorobo usiku, lakini maji yake yatamshtua aliyezoea bahari ya Unguja au Mombasa. Mwenye watoto wadogo asiende Mei kwa ajili ya kuogelea. Watatoka majini wakitetemeka baada ya dakika kumi.

Agosti iache kabisa. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Bikira Maria, na Wagiriki wengi huwa likizoni kwa pamoja. Meli hujaa, bei hupanda, na fukwe za karibu na mji hukosa nafasi ya kutandika kikoi.

Kuna sababu nyingine ya kuikwepa Agosti, nayo ni meltemi. Huu ni upepo mkavu wa kutoka kaskazini unaovuma juu ya bahari ya Aegean, hasa Julai na Agosti, pale kanda ya mgandamizo mkubwa wa hewa inapokaa juu ya Balkani na ya mgandamizo mdogo juu ya Uturuki. Watu wa pwani yetu wataufahamu upesi wakiufikiria kama upepo wa msimu: unatoka upande wa kaskazi, lakini kwa ukali wake ni kusi. Anga huwa safi, jua kali, na mchanga unakuchapa miguuni. Unaweza kuvuma siku tatu, unaweza kuvuma wiki. Septemba hupungua nguvu, ingawa haukomi.

Jambo moja litamfurahisha Mswahili wa pwani: hapa hakuna haja ya kuuliza maji yanatoka saa ngapi. Katika Mediterania kupwa na kujaa ni kwa sentimita chache tu, hakuna bamvua linaloacha ufukwe mtupu hadi mwambani. Ukiamka alfajiri au ukienda jioni, bahari iko palepale.

Pili, idadi ya usiku

Usiku nane ndio mpango tunaoupendekeza: mmoja Athens unapofika, sita Naxos, mmoja Athens kabla ya kuondoka. Chini ya usiku watano kisiwani, siku za kusafiri zinakula mapumziko yenyewe.

Usiku wa mwisho Athens si anasa. Upepo ukizidi, mamlaka ya bandari huzuia meli kutoka, na boti za kasi huzuiwa kabla ya meli kubwa. Aliyepanga kushuka Piraeus, bandari ya Athens, saa tisa alasiri na kupanda ndege ya kimataifa saa mbili usiku siku hiyohiyo ameuweka mfuko wake mikononi mwa upepo. Kampuni ya meli itakurudishia nauli au kukubadilishia tiketi, lakini tiketi ya ndege iliyopotea haiwahusu.

Pinga pia kishawishi cha "visiwa vitatu kwa wiki moja". Kila kuhama kunachukua nusu siku au zaidi: kufunga mabegi, kukabidhi chumba saa tano asubuhi, kusubiri bandarini juani, meli kuchelewa, kisha kusubiri chumba kipya. Kuhama mara mbili ndani ya siku sita ni kupoteza siku nzima na ushee.

Tatu, viza

Ugiriki imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Rwanda, Burundi au Oman anahitaji viza, hata kama anaishi Uingereza, Marekani au Kanada kwa kibali cha huko. Asiyeihitaji ni yule mwenye kibali halali cha ukaazi kutoka nchi ya Schengen yenyewe, mathalani Ujerumani, Uholanzi au Sweden. Huyo atembee na pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi, si kimojawapo.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, na unaweza kufika 45. Kwa safari ya Septemba, tafuta miadi Mei; ukingoja Julai utakuta nafasi zimekwisha. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, bila kuhesabu malipo ya kituo kinachopokea maombi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen. Bima ya safari ifidie matibabu ya angalau euro 30,000.

Maombi mengi hukwama kwa mambo madogo. Msafiri anaonyesha usiku sita wa Naxos na kusahau usiku mbili wa Athens, ikabaki pengo katika ratiba. Bima inaanza siku moja baada ya ndege kutua. Au akaunti ya benki iliyokaa na kiasi kidogo kwa miezi inapokea fedha nyingi wiki moja kabla ya miadi bila maelezo. Fedha zikiwa ni mchango wa ndugu, ambatisha barua yake na taarifa yake ya benki. Panga tarehe zote kwenye karatasi moja, kisha linganisha kila hati nayo.

Kabla ya viza kutoka, weka nafasi za kulala zinazoweza kufutwa bila malipo, na usilipie meli. Ratiba za meli za kiangazi hubadilika hadi majira ya kuchipua, kwa hiyo hupotezi kitu kwa kusubiri.

Mpakani, tangu Oktoba 2025, Schengen imeanza kutumia mfumo wa EES unaochukua picha na alama za vidole badala ya kugonga mhuri. Ongeza muda: ukiwa na ndege ya kuunganisha ndani ya Schengen, saa tatu kati ya kutua na kuruka ndizo salama.

Nne, kufika

Kutoka Afrika Mashariki utafika Athens kupitia Doha, Dubai, Istanbul, Cairo au Addis Ababa. Kutoka Athens kuna njia mbili.

Ya ndege huchukua chini ya saa moja. Uwanja wa Naxos ni mdogo na ndege ni za pangaboi, kwa hiyo viti ni vichache, na kikomo cha mizigo kinaweza kuwa kidogo kuliko cha ndege iliyokuleta. Soma kilo zako kabla ya kulipa. Upepo mkali huzigusa ndege hizi pia.

Ya meli ndiyo tunayoipenda zaidi. Meli kubwa ya kawaida kutoka Piraeus huchukua saa tano hadi sita, boti ya kasi takriban saa nne au chini kidogo. Boti ya kasi ni ghali zaidi, abiria hukaa ndani, na bahari ikichafuka hurusha watu vibaya. Meli kubwa ina sitaha ya wazi, inatulia mawimbini, na mtoto anaweza kutembea. Anayesumbuliwa na kichefuchefu achukue meli kubwa, akae katikati, sehemu ya chini na si ya juu, na ameze dawa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Ukishaanza kutapika dawa haina kazi.

Meli ya asubuhi kwa kawaida hutoka karibu saa 1:30 asubuhi, itakayoandikwa 07:30 kwenye tiketi. Ndiyo maana ya kulala Athens, au bora zaidi Piraeus penyewe. Kutoka uwanja wa ndege, treni ya mstari wa 3 inafika Piraeus bila kubadilisha, kwa muda wa karibu saa moja, na basi la X96 hufanya kazi usiku na mchana. Bandari ni kubwa mno na milango yake ina namba kuanzia E1. Meli za Naxos mara nyingi hutoka E6 au E7, mkabala na kituo cha treni, lakini fuata namba iliyoandikwa kwenye ujumbe wa kampuni. Fika dakika 45 kabla. Ukiwa na ndege inayotua asubuhi, angalia pia bandari ya Rafina: iko karibu zaidi na uwanja wa ndege kuliko Piraeus, na ina boti za kwenda Naxos wakati wa kiangazi.

Ndani ya meli, mabegi makubwa huachwa kwenye rafu za sehemu ya magari, zilizoandikwa majina ya visiwa. Weka lako kwenye rafu ya Naxos, na ubaki na pasipoti, dawa na fedha. Meli nyingi hutua Paros kwanza, na kila mara wapo wanaoshuka huko wakidhani wamefika. Kutoka Paros hadi Naxos ni kama saa moja kasoro. Kipaza sauti kikitaja Naxos, teremka mara moja: meli hukaa gatini dakika chache tu, na mlango wa nyuma hufungwa bila kungoja mtu.

Tano, ulale wapi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, maana fukwe za Naxos hazifanani.

Agios Georgios uko ukingoni mwa mji mkuu, Chora. Maji ni mafupi kwa hatua nyingi, na hivyo unawafaa watoto wadogo na asiyejua kuogelea. Unatembea kwa miguu hadi madukani. Lakini si kimya.

Agios Prokopios, kilometa 5 kutoka mjini, una mchanga wa chembe nene na maji yanayong'aa, na kilima cha Stelida hulikinga eneo dhidi ya kaskazini. Kina huongezeka haraka, basi mtoto asiachwe peke yake hata kando ya maji. Agia Anna unafuata, una kibandari kidogo na migahawa inayogusana na mchanga.

Plaka ndio tunaomshauri mtu anayetaka kupumzika kwa maana ya kupumzika. Ni ufukwe wa karibu kilometa 4, wenye nafasi ya kutosha hata msimu ukipamba moto. Kaa nusu yake ya kaskazini, upande wa Agia Anna: basi linafika na migahawa ipo. Kadiri unavyoelekea kusini utulivu unaongezeka, ila familia ijue kwamba huko wapo wanaooga uchi, desturi iliyoanza zamani. Uliza pia kama njia iliyo mbele ya chumba ni ya lami, kwani vumbi la magari linaweza kukunyima veranda.

Mikri Vigla ni pa wanaocheza na upepo kwa vishada na matanga. Ukiona watu hao wamejaa mahali, elewa kwamba si pa kusoma kitabu. Kastraki, Alyko na Pyrgaki, kusini zaidi, ni kimya kweli, lakini bila gari utajikuta umefungwa.

Kabla ya kulipa, mwandikie mwenye nyumba maswali haya: ni mita ngapi kwa miguu hadi kwenye maji? Kiyoyozi kimo kwenye bei? Madirisha yana wavu wa mbu? Chumba kinaelekea kaskazini? (Veranda ya kaskazini haikaliki upepo ukivuma.) Mnapokea wageni bandarini? Wengi hufanya hivyo bila malipo wakiambiwa jina la meli na saa ya kufika, lakini asiyeuliza hupanda teksi. Atakayejibu kwa tarakimu ni wa kuaminika. Anayejibu "karibu sana na bahari", tafuta mwingine.

Juu ya bei ya chumba kuna kodi ya serikali inayolipwa ukifika. Kwa viwango vilivyoanza 2025, kuanzia Aprili hadi Oktoba ni euro 2 kwa chumba kwa usiku katika hoteli ya nyota moja au mbili, 5 ya nyota tatu, 10 ya nyota nne, 15 ya nyota tano, na 8 kwa nyumba ya kukodi ya muda mfupi. Usiku sita wa nyota nne ni euro 60 ambazo hukuziona kwenye tovuti.

Sita, gari au basi

Ukikaa Plaka au Agia Anna, basi linatosha kwa siku za bahari. Kata tiketi kabla ya kupanda, ofisini bandarini au kwenye duka lililo karibu na kituo. Kodi gari kwa siku moja au mbili tu, kwa ajili ya kusini na milimani. Leseni ya Kenya au Tanzania iambatane na leseni ya kimataifa ya udereva, ambayo hutolewa nyumbani kabla ya safari. Magari mengi ni ya gia, otomatiki huisha mapema, na huko hupitwa kwa kulia. Aliyezoea kushoto asijifunze kwa mara ya kwanza kwenye kona za mlimani. Pikipiki za magurudumu manne ziache. Hupinduka kwenye kona za kokoto, na bima nyingi za safari haziwahusu waendeshaji wake.

Saba, siku yenyewe ufukweni

Meltemi una ratiba: asubuhi hulala, kuanzia mchana huamka, alasiri ndiyo kilele, jioni hutulia. Basi uishi nao. Ingia majini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita, kula, lala wakati wa upepo na jua kali, urudi saa kumi na moja jioni. Ukifuata mpango huu hata siku ya upepo inakuwa nzuri.

Hatari moja haizungumzwi vya kutosha. Kwenye fukwe za magharibi upepo wa kaskazini-mashariki hutoka nchi kavu kwenda baharini. Karibu na mchanga maji yanaonekana kama kioo, kwa sababu mawimbi hayajapata nafasi ya kukua. Mtoto aliyelala kwenye godoro la kujazwa upepo husukumwa nje taratibu, na mzazi anapogeuka ameshakuwa mbali. Siku ya upepo, maboya na magodoro yabaki chumbani. Mtu akichukuliwa, piga 112.

Vitanda na mwavuli hukodishwa kwa jozi, na safu ya mbele ni ghali zaidi. Tenga euro 20 hadi 30 kwa siku, na ulize kwanza kama kula na kunywa hapo kunafuta kodi hiyo. Hulazimiki kukodi: sehemu ya ufukwe lazima iachwe wazi kwa watu wote. Ukija na mwavuli wako, uchimbie theluthi ya mti wake na uuelekeze upepo unakotoka.

Begani chukua kikoi au kanga mbili (hukauka upesi kuliko taulo, na ni stara ya kuingilia mgahawani), viatu vya mpira vya kuingilia majini kwa ajili ya miamba yenye viumbe wa miiba, losheni ya jua ya SPF 50, na koti jepesi la jioni. Ngozi nyeusi nayo huungua ukikaa majini saa tatu mfululizo. Vazi refu la kuogelea la stara halina tatizo.

Chakula na malipo

Samaki wengi huuzwa kwa kilo. Omba aonyeshwe na apimwe mbele yako kabla hajapikwa, kwani bei ya menyu ni ya kilo, si ya sahani. Samaki wa barafu anatakiwa awekewe alama kwenye menyu, mara nyingi kinyota. Mishikaki ya souvlaki kwa kawaida ni nguruwe: asiyekula aombe *kotopoulo*, yaani kuku. Nyama iliyochinjwa kwa halali ni vigumu kuipata kisiwani, ila samaki, maharage makubwa ya *gigantes*, mboga za *horta*, viazi vya Naxos na jibini la graviera vinakutosha wiki nzima. Mkate unaoletwa mezani hutozwa. Daima dai risiti. Kisheria, mteja asiyepewa risiti halazimiki kulipa.

Maji ya kunywa nunua ya chupa. Karatasi za chooni hutiwa kwenye ndoo iliyo pembeni, si kwenye choo, kwani mabomba ni membamba na huziba. Kadi za benki hupokelewa karibu kila mahali, lakini beba euro 100 taslimu kwa teksi na vijijini.

Tenga siku moja tu ya nchi kavu, ile ambayo utabiri unaonyesha upepo mkali: kijiji cha Halki asubuhi, kijiji cha Apeiranthos chenye vichochoro vya marumaru mchana, na jua la magharibi kwenye Portara, lango la hekalu lililoanzwa karibu mwaka 530 kabla ya Kristo na halikukamilishwa kamwe.

Kuondoka

Siku mbili kabla, angalia utabiri wa upepo kwa vipimo vya Beaufort, yaani kipimo cha nguvu za upepo. Ukiona 7 kwa siku yako na una tiketi ya boti ya kasi, nenda kwa wakala bandarini siku hiyohiyo uombe kuhamia meli kubwa, au uondoke siku moja mapema, wakati viti bado vipo. Zuio likishatangazwa, kila mtu atakuwa kwenye foleni hiyo. Siku ya safari mwachie mwenye nyumba mabegi saa tano, ukaogelee mara ya mwisho, uoge bombani ufukweni, na ufike gatini nusu saa kabla ya meli.